Miche ya stroberi "yenye jeni ya kuzuia utitiri": unauziwa nini hasa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Lushoto: "Shikamoo mtaalamu. Nina stroberi robo eka hivi, utitiri unanimaliza kila kiangazi, dawa zimegoma. Juzi kuna jamaa kapita anauza miche anasema imepimwa DNA kwa alama za vinasaba na ina jeni ya kuzuia wadudu, bei mara tatu ya miche ya kawaida. Nimuamini? Na hiyo si ndo GMO yenyewe?"

Marahaba kaka, pole sana na hao utitiri. Nianze na la hela maana najua ndo linalokuwasha: usitoe bado. Mtu akikwambia mche "una jeni ya kuzuia wadudu" halafu hataji mdudu gani wala jeni gani, huyo ama hajui anachouza ama anakijua sana. Kupima miche kwa alama za vinasaba ni kitu cha kweli kabisa, nimekifanya kwa mikono yangu miaka kadhaa, ila kwa stroberi na utitiri hakuna jeni moja ambayo unaipima asubuhi na jioni unasema huu mche unayo, huu hauna. Yapo matunda mengine ya jamii ya beri ambako kitu hicho kipo na kinafanya kazi vizuri tu, nadhani jamaa kasikia stori ya huko akaihamishia kwenye stroberi. Wacha nikupe hiyo stori ya huko, ukishaielewa utamuuliza mwenyewe maswali ya kumtoa jasho.

Hiyo alama ni nini kwanza. Chukulia unamtafuta fundi Uswahilini, nyumba hazina namba, unaambiwa "ukifika duka la mangi, nyumba ya pili kushoto". Duka si fundi, lakini ukiliona duka unajua fundi yuko hapo jirani. Alama ya vinasaba ndo hilo duka. Ni kipande cha DNA ambacho sisi tunajua kukisoma kirahisi, na kimekaa karibu na jeni tunayoitaka (jeni kaka, si jini, ingawa ukimsikiliza huyo muuzaji utadhani anauza jini la kulinda shamba). Mmea ukirithi kile kipande, mara nyingi sana umerithi na jeni iliyo jirani. Nasema mara nyingi kwa sababu wakati mmea unatengeneza chavua na mayai, DNA ya baba na ya mama inakatwa na kubadilishana vipande, sasa kama duka liko mbali na nyumba ya fundi, mkato ukipita katikati yao unabaki na duka, fundi kashahama. Ndo maana watafiti wanahangaika miaka mingi kutafuta alama iliyobanana na jeni, au bora zaidi iliyo ndani ya jeni yenyewe.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, blakikaranti. Lile tunda jeusi dogo linalotengenezewa Ribena, hilo hilo. Huku kwetu halioti kwa sababu linataka baridi kali ya miezi ya kutosha ndo lifungue maua vizuri, lakini Uingereza ni zao la mashine kubwa kubwa na adui yake namba moja ni utitiri, ndugu wa mbali wa hao wako. Huyu wa kwao anaitwa Cecidophyopsis ribis, urefu wake kama robo ya milimita, kwa macho humuoni. Anaingia kwenye chipukizi la blakikaranti, anazaana humo humo ndani, na chipukizi badala ya kuwa jembamba lenye ncha linavimba linakuwa duara kama njegere. Ukilichana chini ya hadubini unakuta vitu vyeupe vyeupe kama chembe za mchele uliosagwa, vina miguu minne tu yote huku mbele, vinajikongoja, maelfu kwa maelfu. Mara ya kwanza kuona nilishindwa kula wali mchana.

Uvimbe wenyewe ungekuwa si kitu, tatizo ni kwamba utitiri huyo anabeba virusi, na kichaka kikishapata hivyo virusi kinageuka, majani yanabadilika umbo, maua yanakuwa hayana faida, mavuno yanakwisha, na dawa ya virusi haipo, unang'oa tu. Zamani walikuwa wanapiga endosulfani, wazee wetu wa pamba na kahawa wanaijua kwa jina la Thiodan, ila ni sumu mbaya, Ulaya wakaitoa, na 2011 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kuziondoa sumu za namna hiyo duniani. Na hata ilipokuwepo, mdudu anayeishi ndani ya chipukizi lililofungwa utampigaje dawa? Unamvizia zile wiki chache tu anapotoka kuhama, basi.

Kwa hiyo njia ikabaki moja, mmea wenyewe ujilinde. Huko East Malling, kituo cha utafiti wa matunda kilichopo Kent, Uingereza, kina Knight na Elizabeth Keep waliona kwamba gusiberi haipati huo uvimbe. Nikitaja gusiberi usifikirie yale matunda ya njano yanayojiotea kwenye mahindi yakiwa ndani ya mfuko wake wa karatasi, hii ni gusiberi ya Ulaya, kichaka chenye miiba, ndugu wa blakikaranti. Wakazipandanisha. Mtoto akatoka tasa kama nyumbu wa punda na farasi, ikabidi wamuongezee kromosomu (vile vifurushi vinavyobeba DNA) mara mbili ndo azae, halafu wakaanza kumrudisha kwa blakikaranti kizazi baada ya kizazi ili zile tabia za gusiberi zipungue ibaki ile moja tu ya kumkataa utitiri. Matokeo waliyachapisha 1974, na jeni hiyo wakaiita Ce.

Hapo ndo kwenye utamu na uchungu wa kazi yetu. Kila ukikrosi unapata mamia ya miche, nusu hivi ina Ce na nusu haina, na kwa kuangalia yote inafanana. Utajuaje? Njia ya zamani unaipanda shambani, katikati ya mistari unapanda vichaka vilivyojaa utitiri makusudi, halafu unakaa. Kila majira ya baridi majani yakishapukutika unapita kichaka kwa kichaka, vidole vimeganda, unahesabu machipukizi yaliyovimba. Na mche ambao haujavimba mwaka wa kwanza si kwamba umepona, labda upepo haukuuletea utitiri tu, kwa hiyo unasubiri mwaka wa pili, wa tatu, mpaka wa nne. Miaka minne kaka, ardhi, palizi na mishahara, kwa ajili ya kuja kung'oa nusu ya ulichopanda!

Mwaka 2009 timu ya Rex Brennan huko Uskoti, kwenye kituo ambacho leo kinaitwa James Hutton Institute, karibu na mji wa Dundee, wakachapisha alama iliyobanana na hiyo Ce, inayosomwa kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Tangu hapo mche ukiwa na majani mawili matatu tu unajua. Unakata kipande cha jani changa, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, unatumbukiza kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, unasaga, unatoa DNA, unaingiza kwenye mashine ya PCR, na kesho yake una jibu. Isiyo na Ce unaitupa ikiwa bado kwenye trei, na shamba lako unalijaza miche ya maana tu ambayo sasa unaipima utamu, rangi, mavuno, kustahimili mashine ya kuvunia.

Usidhani maabara ni mahali pa watu wasiokosea. Majani ya hizi beri yana sukari na ukakasi wake fulani, ukichelewa tu DNA inakuwa kama makamasi ya kahawia, haifai kwa lolote. Na kuna siku mimi niliigeuza sahani, kichwa ikawa miguu, majibu yote 96 yakatoka kinyumenyume. Nilishaanza kuandika orodha ya miche ya kutupa, kilichoniokoa ni kwamba siku zote unaweka baba na mama kwenye vishimo vya kona unavyovijua, nikaona mbona mama asiye na kinga anasoma kama anayo. Nikarudia kazi nzima usiku, simkumbuki aliyenipa chai ila Mungu ambariki.

Sasa hilo la GMO. Umeona hapo mahali tumeingiza kitu kwenye DNA ya mmea? Hakuna. Wamekrosi kwa chavua kama nyuki anavyofanya, halafu wakapima. Ni sawa na mama mjamzito kwenda kupigwa ultrasaundi, mtoto anayezaliwa ni yule yule, umemuona mapema tu. GMO ni habari nyingine, pale unachukua jeni na kuipachika kwa kazi ya maabara. Kwa hiyo jamaa akikwambia miche yake imepimwa vinasaba hilo peke yake lisikutishe. Na lisikuvutie pia, maana kupimwa si dawa, ukipima mche ambao hauna kinga unabaki na mche usio na kinga wenye cheti.

Nakupeleka kwenye rasiberi kidogo, tunda jingine la jamii ya beri, kwa sababu kule kuna somo lenyewe la hela yako. Rasiberi za Ulaya zinasumbuliwa na vidukari wakubwa wa kijani, Amphorophora idaei, wanaozibebea virusi vya aina nne. Mwaka 1959 hao hao wa East Malling walieleza jeni inaitwa A1, wameitoa kwenye rasiberi ya zamani inaitwa Baumforth A, kidukari akikaa juu ya mmea wenye A1 hapapendi, anaondoka. Ikaingizwa kwenye aina nyingi, wakulima wakafurahi. Baadaye 1967 wakaleta nyingine kali zaidi, A10, hii imetoka kwenye rasiberi nyeusi ya Marekani. Malling Leo ya 1975 ilikuwa nayo. Basi watu wakalala usingizi.

Vidukari hawakulala. Wanazaana haraka mno, jike halihitaji dume muda mwingi wa mwaka, na kwenye mamilioni akitokea mmoja tu mwenye mdomo unaoikubali A1, huyo shamba zima ni lake peke yake, wenzake wote wamefukuzwa. Kufikia miaka ya 1990 vidukari wanaokula rasiberi zenye A1 kama kawaida walikuwa wameenea, na A10 nayo ikaanza kupata wa kwake. Marekani na Kanada yakawakuta yale yale na ndugu wa kidukari huyo anaitwa Amphorophora agathonica, jeni ya Ag1 iliyotoka kwenye rasiberi ya Lloyd George ilivunjwa, yaani vidukari wakaizoea, huko British Columbia, wakalazimika kwenda kutafuta kinga mpya porini, wakaipata kwenye rasiberi nyeusi za mwituni za Maine na Ontario, na mojawapo, Ag4, ilichorwa kwenye ramani ya vinasaba 2015 na watafiti wa Oregon.

Na hapa alama inafanya kazi ambayo kidukari mwenyewe hawezi kukufanyia, watu wengi hawaioni hii. Tuseme una jeni mbili nzuri ambazo hazijavunjwa, unataka mmea mmoja uwe nazo zote, ili kidukari akivunja moja akutane na ya pili. Ukipima kwa kuweka vidukari juu ya mche, mche wenye jeni moja wanaukimbia, wenye mbili wanaukimbia vile vile, kwa macho yako ni kitu kimoja. Kufuli moja na kufuli mbili, mwizi asipoingia utajuaje? DNA ndo inakuonyesha. Ila ziwe mbili zilizo hai, kuna watu wanarundika jeni iliyo hai juu ya iliyokwisha vunjwa halafu wanatangaza "kinga mbili", hapo ni kupamba tu.

(Kidogo nje ya mada: majina ya hizi mbegu za Uskoti yananifurahisha. Blakikaranti wameziita Ben Lomond, Ben Hope, na Ben kwa kwao ni mlima. Rasiberi ni Glen, yaani bonde. Glen Mor iliyotoka 2020 ndo ilichaguliwa kwa alama dhidi ya ugonjwa wa kuoza mizizi, alama yenyewe waliipata kwa kukrosi Glen Moy na Latham, rasiberi mkongwe wa Minnesota wa 1920. Sisi na milima yote hii ya Usambara hatujaipa hata mchicha.)

Haya, stroberi yako. Kwanza nikupe sababu kwa nini ni ngumu. Blakikaranti ina kromosomu 16, seti mbili. Stroberi hii tunayolima ina 56, seti nane, kwa maana kila kitu kipo mara nane na nakala zinafanana fanana, ukitafuta duka la mangi unakuta maduka manane yamepakwa rangi moja. Wamelifumbua kwa magonjwa fulani. California wana alama ya jeni inaitwa Fw1 dhidi ya mnyauko fuzari, waliichapisha 2018, Florida wana ya kwao dhidi ya kuoza kwa shina la chini. Hizo ni za kweli na zinatumika kila msimu. Lakini ni za fangasi, si za wadudu. Utitiri wako, Tetranychus urticae, ni hadithi nyingine, stroberi inamvumilia au haimvumilii kutokana na vitu vingi vidogo vidogo kwa pamoja: vinyweleo vya jani, kemikali za kwenye jani, unene wake, umri wa mmea, na kila kimoja kinaongozwa na jeni kadhaa zenye nguvu ndogo. Hapo hakuna alama moja ya kuning'iniza kwenye bei. Na kuna wadudu ambao hata kwenye rasiberi kinga ya namna hiyo ya kutegemea haipo, mfano yule nzi mdogo Drosophila suzukii anayetaga ndani ya tunda likiwa linaiva, ambaye ameshafika Kenya, taarifa zake zilichapishwa 2021, kwa hiyo wewe wa Lushoto muweke akilini, ukiona stroberi nzima inabonyea na ina funza mweupe ndani usiseme ni kuiva sana.

Jamaa akirudi muulize hivi, kwa upole tu: hii aina inaitwaje jina lake, jeni inaitwaje, inazuia mdudu gani, na nani kaipima. Mwenye mche wa kweli wa Fw1 kwa mfano atakwambia bila kukwama "hii inazuia mnyauko fuzari", na hatakwambia inazuia utitiri. Akikujibu "inazuia wote", mpe maji ya kunywa aende zake. Na kama miche yake ameotesha kwa mbegu za ndani ya tunda basi hata kama mama alipimwa Marekani nzima, watoto wa stroberi kwa mbegu hawafanani na mama, ni lazima iwe ya kutoka kwenye vitambaazi (zile kamba zinazotambaa na kuotesha mche mpya) vya mmea uliopimwa.

Hela ulizotaka kumpa afadhali uzigawe. Nyingine iende kwenye miche misafi ya kawaida kutoka kitalu unachokiamini, maana utitiri wengi unawapanda mwenyewe wakiwa chini ya jani la mche. Nunua na lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi. Kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 30 utitiri anamaliza kizazi ndani ya wiki moja mpaka mbili, kwa hiyo kukagua mara moja kwa mwezi ni sawa na kutokukagua. Zile dawa za jamii ya pairethroidi unazopiga kila wiki ziache, zinaua wadudu wanaomla utitiri na yeye anabaki anashangilia, nadhani ndo maana unasema zimegoma. Vumbi la barabarani nalo linamsaidia, mistari iliyo pembeni mwa njia ndo huwa inaanza, imwagie maji majani asubuhi. Na yupo utitiri rafiki anaitwa Phytoseiulus persimilis, wa rangi ya chungwa, anakimbia kuliko adui yake na chakula chake ni huyo huyo tu, Kenya wanamuuza kwa wakulima wa maua na mboga. Anataka unyevu kidogo hewani, ukimleta kiangazi kimekolea hatakusaidia sana, mlete utitiri wakiwa bado wachache.

Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali geuza majani kumi ya mstari ulio karibu na njia, angalia chini yake na lenzi, wenye madoa mawili meusi mgongoni ndo wako, wale wa chungwa wanaokimbia usiwaguse. Hesabu kila jani wangapi, kisha niandikie hizo namba pamoja na majina ya dawa zote ulizopiga tangu mvua ziishe.